Mungu Hamtupi Mja Wake

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wahenga hao hao wakatuonya ya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya kwanza yatuamuru tuzibe masikio. Ya pili yatuamuru tuyafungue. Mwalimu azifundishaye zote mbili katika juma moja huenda akaulizwa na mwanafunzi mwerevu: Je, tushike ipi? Swali hili si la darasani tu. Kila mja hukutana nalo maishani, hasa siku ya dhiki, watu wanapomwambia kuwa juhudi zake ni bure na kwamba hata Mungu amekwisha kumwacha.

Tuanze na lugha yenyewe. Kwa Kiswahili moyo wa mtu huweza kuvunjwa na mwingine. Twasema "amenivunja moyo", na mtenda ni yeye. Lakini tamaa, kwa maana ya matumaini, ina desturi nyingine. Mtu husema "nimekata tamaa", na mtenda ni yeye mwenyewe. Hata akiwapo wa kulaumiwa, kitenzi hugeuka kikawa cha kusababisha: "amenikatisha tamaa", yaani amenifanya niikate. Kisu amekitia yeye mkononi mwangu, lakini mkono ukatao ni wangu. Basi lugha yetu yakiri kwamba maneno ya watu huumiza, wala haitutaki tujifanye mawe. Ila yatukumbusha kuwa tendo la mwisho limebaki katika mamlaka yetu.

Mfano ulio maarufu ni wa Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu humheshimu pamoja. Biblia yasimulia kuwa alipotewa na mali, na watoto wake kumi, kisha na afya yake. Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila ya kunena neno. Hadi hapo walikuwa marafiki wa kweli. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa. Hawakumtukana Mungu, la, walijidai kumtetea. Hoja yao ilikuwa kwamba Mungu hamtesi asiye na hatia, kwa hiyo Ayubu hana budi kuwa mkosefu. Hakuna sauti ikatishayo tamaa iliyo kali kama hii, kwa kuwa imevaa kanzu ya dini.

Ayubu alifanyaje? Hakunyamaza, wala hakujifanya kuwa haumwi. Alilia, akalalamika, hata akailaani siku aliyozaliwa. Lakini malalamiko yake aliyaelekeza kwa Mungu yule yule aliyeambiwa kuwa amemtupa. Mtu hamlilii asiyemtazamia kumsikia. Kilio chenyewe kilikuwa imani. Kurani nayo yaeleza kwamba alimwita Mola wake katika dhiki, akaitikiwa. Mwishoni mwa kisa cha Biblia, waliolaumiwa na Mungu ni wale marafiki, na Ayubu ndiye aliyewaombea msamaha. Hivyo twajifunza kuwa upendo wa Mungu haupimwi kwa hali ya mtu ya leo. Mwenye ghala lililojaa hana hati ya kupendwa, wala mwenye vidonda hana hati ya kuchukiwa.

Lakini tujihadhari. Wako watu ambao kila wakikosolewa husema, "Mimi namtumaini Mungu," wakalifanya tumaini kuwa ngao ya uvivu na kiburi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hatuna budi kupambanua nasaha na maneno ya kukatisha tamaa. Mnasihi hukosoa tendo. Mkatishaji hukosoa mtu. Wa kwanza hutuonyesha njia nyingine. Wa pili huzifunga zote. Mwanafunzi akiandika "kitabu changu imepotea", mwalimu amwambiaye asahihishe upatanisho wa ngeli amempa mali. Amwambiaye kuwa hatakijua Kiswahili kamwe amempa kisu.

Walimu wenzetu wa Uganda wayajua haya. Kwa miaka mingi waliambiwa kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na wahalifu. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi, na sifa hiyo haikufutika. Katiba ya 1995 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ni marekebisho ya 2005 yaliyokipa Kiswahili daraja ya lugha rasmi ya pili. Rwanda nayo ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hatusemi kwamba Mungu hupendelea lugha moja kuliko nyingine. Twasema tu kwamba waliofundisha katika miaka ya dharau hawakujua yatakayokuja, na bado waliingia darasani. Tukiri pia kwamba chuki ile haikuzuka bure, maana wako walioamriwa na kupigwa kwa lugha hii. Mwalimu mwema aliusikia uchungu wao, bila ya kuikubali hukumu yao juu ya kazi yake.

Hapo ndipo tulipo na jibu la mwanafunzi wetu. Methali zote mbili ni za kweli. Masikio tuyafungue, ili tusikie kosa letu na uchungu wa wenzetu. Lakini neno lisemalo kwamba sisi ni watu wa kutupwa tusilipe nafasi, kwa kuwa huo si uamuzi wa binadamu. Mungu hamtupi mja wake.

Na tunapofunga daftari za kusahihisha, tujiulize, sisi tulio wakuu mbele ya watoto: leo sauti yetu imekuwa ya mkuu, au ya chura?