Kipimo Kisicholala

Mama yangu ana presha. Kila mwezi hupanda bodaboda hadi zahanati, anakaa kwenye benchi na wenzake, anafungwa kile kitambaa mkononi, kinajazwa upepo, basi. Dakika moja katika mwezi mzima! Siku akiambiwa imeshuka, anarudi nyumbani anajipunguzia vidonge. "Si wamesema niko sawa, mwanangu?"

Kitambaa hicho alikibuni Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Korotkoff akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini yake. Lakini damu haitulii. Hushuka tukilala, hupanda tukigombana, na wapo ambao ya kwao hupanda kwa kumwona tu daktari. Ndiyo maana sasa wataalamu wanahangaika na vipimo vya kubandika kwenye ngozi. Mwaka 2018 watafiti wa San Diego, Marekani, walieleza kibandiko kinachopeleka mawimbi ya sauti mwilini na kufuata mshipa unavyotanuka na kusinyaa. Mwaka 2022 wenzao wa Texas wakabandika chale za grafini mkononi, zikapima mfululizo kwa dakika 300 na zaidi. Chale! Sisi Usukumani chale tunazijua, ila za mganga hazisemi kitu. Hizi zinasema usiku kucha.

Nikamsimulia kaka yangu, mchimbaji mdogo. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Na tajiri wa duara akiiona hiyo namba?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Ikisoma 160 kwa 100, kaka hatashuka tena shimoni. Nikamwambia bora ukose kazi kuliko kuangukia chini huko. Akanijibu, "Dogo, wewe unaandika riwaya, bei ya unga huijui." Iliniuma, maana ni kweli, nakula kwake.

Mimi naona hivi: maskini hana ukuta wala geti, siri yake ya mwisho ni mwili. Namba ya damu ni mali ya mwenye damu. Ikisomwa na tajiri kabla yake, hicho kibandiko si tiba tena, ni nyapara aliyekaa juu ya ngozi. Lakini presha nayo ina ujanja wake, mara nyingi haina dalili yoyote, mtu anacheka leo, kesho amepooza upande mmoja. Siri ninayoitetea ndiyo hiyo hiyo inayoua. Hapo hoja yangu inapwaya, nakiri.

Na kuna jambo baya zaidi. Ningekuwa na kibandiko kimoja tu, ningembandika mama akiwa usingizini, nisome mwenyewe, nisimwambie. Kwa kaka nadai haki, kwa mama nataka upelelezi! Eti kwa sababu nampenda. Huenda na tajiri wa duara angesema hivyo hivyo, kwamba anawapenda vijana wake.

Jumatatu mama anarudi zahanati. Vidonge vya mwezi uliopita nimevihesabu kwa siri akiwa sokoni. Vimebaki kumi na moja.