Deni la 2014, Mlipaji wa 2024

Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili ikomboe sehemu kubwa ya Eurobondi ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni mwaka huo huo. Ile ya zamani, iliyouzwa 2014, ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Masoko yalifurahi: hofu ya nchi kushindwa kulipa ikatulia, na dola iliyokuwa imefika kiasi cha shilingi 160 mwezi Januari ikashuka hadi karibu 130. Kisha ukaja Mswada wa Fedha uliokusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi, ukiwa na kodi juu ya mkate na magari. Kodi ya mkate iliondolewa wananchi walipolalamika, lakini tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha Mswada wenyewe, vijana waliokuwa wakiandamana wakaingia Bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Kufikia Julai mosi, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 tangu maandamano yaanze.

Mwaka huo umeandikwa sana kwa hesabu za riba na thamani ya shilingi. Swali lililokuwa barabarani lilikuwa la haki. Kijana wa miaka ishirini aliyeandamana Juni 2024 alikuwa na miaka kumi Eurobondi ile ilipouzwa. Hakupiga kura, hakuulizwa. Je, anafungwa na deni ambalo hakulikopa?

Jibu la haraka tunalijua sote: dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na dini zetu hazikuchukulia deni kuwa jambo jepesi. Ila hazikuishia hapo. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, madeni ya marehemu hutangulia wosia na mgawo wa warithi, lakini hulipwa kutoka mali aliyoiacha. Mrithi halazimiki kutoa chake kufidia kilichopungua. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane anamlilia Elisha kwa sababu mwia amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hasemi kwamba deni ni batili. Mafuta yanaongezeka, yanauzwa, mwia analipwa, na watoto wanabaki kwa mama yao. Mapokeo haya mawili yanakutana mahali pamoja: deni lina haki yake juu ya mali, wala haki hiyo haiendi hadi kwenye mwili na maisha ya mtoto.

Atakayepinga atasema kwamba nchi haifi, kwa hiyo hakuna marehemu wala mrithi. Jamhuri ya 2014 ndiyo Jamhuri ya 2024, na sahihi yake inadumu ingawa mtia sahihi ameondoka Ikulu. Hoja hii ni nzito na naikubali. Bila mwendelezo huo hakuna ambaye angeikopesha nchi yoyote, wala hakuna mkataba ambao ungestahili kuaminiwa. Lakini aikubali yote. Ikiwa Jamhuri ni ile ile, basi na wajibu wake wa kutoa hesabu ni ule ule. Haiwezekani Serikali iwe ya kale siku ya kudai kodi, halafu iwe mpya siku ya kuulizwa fedha zilikwenda wapi. Edward Ouko, akiwa Mkaguzi Mkuu, alisema wazi kwamba fedha za Eurobondi ya 2014 hazikuweza kufuatwa hadi kwenye miradi mahususi. Serikali ilisisitiza kwamba ziliingia kwenye bajeti zikatumika. Mikataba ya mkopo wa China wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilisainiwa 2014, na umma ulionyeshwa sehemu yake Novemba 2022. Kwa miaka minane mlipaji alikuwa akilipa asichoruhusiwa kukisoma. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani inaamuru deni liandikwe mbele ya mashahidi, na shahidi ambaye hakuona maandishi hawezi kushuhudia kitu.

Wengine husema kijana huyo anapita kwenye barabara na kuwasha umeme vilivyoletwa kwa mikopo, kwa hiyo ameshakula na sasa anakataa kulipa. Palipo na barabara hoja inasimama, na hapo ndipo ilipo mali ya mirathi. Ibara ya 201 ya Katiba inataka mizigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Mgawo huo haupimiki mtu asipojua mkopo upi ulileta barabara na upi ulipotea njiani. Anayemtaka kijana alipe vyote kwa sababu amenufaika na kimoja anamdai kwa makisio.

Wapo pia wanaosema Bunge liliridhia kwa niaba yetu. Uwakilishi una nguvu, lakini ridhaa bila ujuzi ni pungufu, na wabunge wenyewe waliomba mikataba ile ya reli mara kadhaa bila kuipata.

Sisemi Kenya igome kulipa. Zambia ilishindwa 2020 na Ghana 2022, na walioumia kwanza hawakuwa waliokopa. Ninachodai ni mpangilio: hesabu itangulie kodi mpya. Julai 2024 Rais aliteua jopo la kukagua deni, Mahakama Kuu ikalisimamisha baada ya walalamikaji kudai kwamba kazi hiyo ni ya Mkaguzi Mkuu. Walikuwa na haki, kwa maana Ibara ya 229 imempa mamlaka hayo tangu 2010, na deni la umma ni miongoni mwa anayotakiwa kuyakagua kila mwaka. Hata hivyo Desemba sheria mpya ya kodi ilitiwa sahihi, ikiwa na baadhi ya mapendekezo ya Mswada uliokataliwa, kabla ukaguzi wa mkopo mmoja mmoja haujawekwa mezani mbele ya wale watakaoulipa.