Mandhari na Mtu: Je, Ni Halali Kuusifu Uzuri?

Hapa Minago, mwalimu atakaye insha kwa wanafunzi wake hana haja ya kutafuta mada mbali. Mbele yake limelala Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Nyuma yake michikichi yapanda vilima. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa ndagala hutanda majini kana kwamba kuna mji mwingine.

Tuliwapa wanafunzi wetu mada hiyo: "Ziwa Letu". Mmoja alieleza jinsi maji yabadilivyo rangi jua litwapo. Mwingine alieleza jinsi maji yalivyoingia nyumbani kwao mwaka 2024, wakati ziwa lilipopanda na kuzamisha nyumba nyingi za mwambao huu. Wa kwanza tulimpa alama za juu. Wa pili tulimwandikia kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada." Tangu siku ile swali limetukaa moyoni. Je, ni halali kuusifu uzuri wa mahali na kuyanyamazia mateso ya wakaao hapo?

Swali hili liliwakabili wengine kabla yetu. Miongoni mwao ni mchoraji Zainul Abedin, aliyezaliwa mwaka 1914 huko Bengali, nchi ya mito, ilipokuwa bado sehemu ya India chini ya Waingereza. Mwaka 1938 picha zake za mto Brahmaputra, alizozichora kwa rangi za maji, zilimpatia nishani ya dhahabu katika maonyesho ya India nzima. Haikupita miaka mingi, njaa kuu ya mwaka 1943 ikaikumba Bengali. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Abedin, aliyekuwa mwalimu wa sanaa mjini Calcutta, alitwaa wino mweusi na karatasi duni, akawachora wenye njaa mitaani: mama na mtoto wamelala chini, kunguru wakiwangojea.

Yamkini msomaji atasema kwamba picha za njaa zilikuwa toba ya mtu aliyepoteza ujana wake kwa kuchora mito. Wahenga nao hutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini sisi hatuafiki. Jicho lililowaona wenye njaa ni lile lile lililofunzwa na mto kutazama kwa makini, bila haraka. Tena, baada ya njaa Abedin hakuziacha rangi za maji.

Hebu tuitazame fani yenyewe. Achoraye kwa rangi za mafuta aweza kulifunika kosa kwa rangi nyingine. Wa rangi za maji hana nafasi hiyo, kwa kuwa rangi yake ni nyepesi na karatasi huonekana chini yake. Weupe wa wingu aghalabu haupakwi. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa tupu. Basi hata pale asipogusa ni sehemu ya kazi yake, naye hana budi kupajibia.

Wako waliochagua kutoliacha pengo hilo. Sam Ntiro wa Tanzania, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923, alizijaza mandhari zake watu walio kazini, mlima ukiwa nyuma yao. Hata hivyo hatuwezi kuifanya njia yake kuwa sheria kwa kila mchoraji. Picha ya mto mtupu haisemi uwongo kwa sababu tu haina mwenye njaa ndani yake. Huwa uwongo pale inapotumiwa kumnyamazisha yule anayetaka kuitaja njaa.

Na hilo ndilo tulilolitenda kwa wino wetu mwekundu. Kosa halikuwa la mwanafunzi aliyelisifu ziwa, kwani alisema alichokiona, na alikisema vizuri. Kosa lilikuwa letu sisi tuliougeuza uzuri kuwa mpaka wa mada, tukamfukuza nje mtoto ambaye ziwa lilikuwa limeingia chumbani mwake. Nani aliyekuwa ndani ya mada kuliko yeye?

Walimu wenzetu, lugha tunayoifundisha ina maneno mengi ya kusifu, nasi huyapenda, kwani husahihishwa kwa raha. Insha ya msiba mara nyingi huja na sentensi zilizovunjika na herufi zilizokosewa. Tuzisahihishe herufi, lakini tusiufute msiba. Sisi tuliirudia insha ile, tukakata maneno yetu wenyewe kwa mstari, tukaandika alama mpya. Kisha tulizisoma insha zote mbili mbele ya darasa, moja baada ya nyingine, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa.