Sitara ni ya Nani?

Katika miji mingi ya Marekani, mtu akitaka kujenga duka kubwa, kituo cha mafuta au ghala, hapati kibali mpaka aoneshe kwenye mchoro atapanda nini na ataficha nini. Mapipa ya taka yazungushiwe ukuta wenye geti. Viyoyozi vya juu ya paa visionekane kutoka mtaani. Kati ya biashara na nyumba za watu kuwe na ukanda wa miti au uzio. Sisi tunaosomea mipango miji tunavifundishwa vipengele hivi kama hesabu: kimo cha ukuta, idadi ya miti. Mimi naona ndani yake kuna swali la maadili. Kukificha kitu kibaya ni kumtendea mtu wema, au ni kujiondolea karaha?

Kiswahili kina neno la kuanzia nalo: sitara. Kumsitiri mtu si kudanganya. Anasitiriwa maiti, anasitiriwa mgonjwa, husitiriwa hata njaa ya jirani. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa kwa fikra hiyo: kuta nene kuelekea mtaani, na ua wa ndani ambako familia hupumzika bila kutazamwa. Lakini nje ya kuta hizo mara nyingi kuna baraza, ambapo jirani hukaa, mzee hunywa kahawa, mpita njia hujikinga jua. Ukuta unamzuia mtu asichungulie, kisha unampa pa kukaa. Walio ndani wamesitirika, na wa nje hawakufukuzwa.

Sasa tazama sheria ya kupendezesha barabara kuu ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 22 Oktoba 1965, huku mkewe, Lady Bird Johnson, akiwa mstari wa mbele kuipigania. Pamoja na mambo ya mabango, ilitaka yadi za magari mabovu na vyuma chakavu zilizo ndani ya futi 1,000 kutoka ukingo wa barabara, yaani kama mita 300, zifichwe kwa mimea au uzio, au ziondolewe. Angalia kipimo kinaanzia wapi: barabarani. Anayelindwa ni macho ya dereva anayepita. Anayeishi upande wa pili wa yadi, penye kutu na oili chafu, hayumo katika kipimo hicho. Hapo anayestareheshwa ni mtazamaji, na mwenye shida yuko palepale.

Sisemi uzuri ni anasa ya matajiri. Maskini naye ana macho, na mti mmoja wa kivuli kituoni unathaminiwa na anayesubiri daladala kuliko na mwenye gari. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Berman dhidi ya Parker, ilikubali kwamba serikali inaweza kutaka mji uwe mzuri, si wenye afya tu. Nakubaliana na fikra hiyo. Ila kesi yenyewe ilihusu kubomoa mtaa wa kusini-magharibi mwa Washington ambao karibu wakazi wake wote walikuwa watu weusi. Mlalamikaji alitetea jengo la duka ambalo halikuwa bovu, akashindwa. Uzuri ulitambuliwa, na waliokuwa wakiishi pale wakahamishwa.

Karibu na ninapopanga kuna duka kubwa lenye nyasi safi mbele na mitende iliyopangwa kwa mstari. Jenereta na mapipa yako nyuma, hatua chache kutoka madirisha ya vyumba vya kulala vya watu. Mama ntilie aliyekuwa akiuza chapati pale mbele aliambiwa anaharibu mandhari. Kwa mwenye duka, moshi na mwanamke yule viko kundi moja: vitu visivyofaa kuonekana.

Hilo ndilo ninaloona ni kosa. Taka na moshi vina madhara, na kuvizungushia ukuta hakutoshi. Lazima vidhibitiwe kwa ajili ya aliye karibu navyo zaidi. Mtu anayetafuta riziki hana madhara ya kufichwa. Kwa hiyo mchoro ukiletwa mezani, afisa asiishie kusimama barabarani na kuuliza kama panapendeza. Azunguke nyuma, asimame dirishani kwa jirani, apime kuanzia hapo.