Bakuli la Maji

Mbwa wetu Popi, jike la miaka 11, alianza kwa kunywa maji. Bakuli tukijaza, punde limekauka. Chakula alikinusa tu, akageuza shingo. Tukasema, "Uzee huo." Kumbe wiki chache baada ya joto lake la kutaka dume kuisha, kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Ugonjwa huu huwapata hasa majike wakubwa ambao hawajatolewa kizazi, na ukichelewa kutibiwa huua. Daktari wa mifugo alimtundikia dripu, akampasua siku ileile, akakitoa kizazi pamoja na ovari.

Usiku ule nililala sakafuni kando yake, mkono ubavuni pake, nikihesabu pumzi. Siku ya tatu alilamba uji kidoleni mwangu. Baada ya wiki mbili alitolewa nyuzi. Leo ananisubiri mlangoni, mkia ukigonga ukuta.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla hujasema "ni uzee tu," mtazame vizuri mzee wa nyumbani kwako, awe wa miguu miwili au minne. Bakuli lake linasemaje?