Moyo wa Mtoto Mlangoni mwa Skuli

Mzazi ampelekapo mtoto skuli ya msingi, aghalabu hudhani kampeleka akajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu. Akisikia kuwa mwalimu atamfunza pia kuitambua hasira yake, kuutuliza woga wake na kuuhisi uchungu wa mwenziwe, hushituka. Je, malezi ya moyo nayo yamekuwa somo la ubaoni? Na kama yamekuwa somo, mzazi kabakiwa na nini?

Swali hilo si la kubezwa. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia bintiye utenzi yapata mwaka 1858, hakumwachia mtu baki kazi ya kumweleza namna ya kuishi na watu.

Elimu hii ya kijamii na kihisia, kama inavyoelezwa Marekani ilikopata jina lake, ina nguzo tano: mtoto ajitambue, ajitawale, awatambue wenzake, aishi nao kwa wema, na aamue mambo kwa kuwajibika. Msomaji wa mwambao atasema kuwa hiyo ndiyo adabu, ndio utu. Atakuwa kaikaribia kweli, ila hajaifikia. Adabu humwonesha mtoto atende nini mbele ya watu. Elimu hii huuliza pia kinachomsibu ndani kabla hajatenda. Wahenga walinena samaki akunjwe angali mbichi, na walinena kweli. Lakini samaki hana moyo, na akunjwapo hana la kusema.

Mwaka 1968 James Comer, daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Yale, alianza kazi katika skuli mbili za msingi za mji wa New Haven, ambako walimu na wazazi hawakuaminiana. Alisimulia kisa cha mvulana wa miaka minane aliyehamishwa ghafla kutoka mashambani kusini mwa nchi. Alipoingizwa darasani, katikati ya sura ngeni, alimpiga mwalimu teke akatoka mbio. Kwa desturi, huyo angeadhibiwa tu. Watu wazima walipoketi kumzungumza waling'amua kuwa hakuwa mkorofi. Alikuwa mtoto aliyetenganishwa, kwa siku chache, na kila alichokizoea.

Comer na wenzake hawakuishia kumsoma mtoto. Waliwaweka wazazi katika kamati ya kuiendesha skuli, pamoja na walimu na mkuu wao, na sharti la vikao likawa kutolaumiana. Mwaka wa kwanza ulijaa mizozo. Baadaye mahudhurio na matokeo yakapanda. Wazazi waliielewa kazi ile kwa kuwa walikuwa na mkono ndani yake.

Linabaki suala la sitara. Mzazi huchelea kuwa mtoto akizoeshwa kusema yaliyo moyoni, atayatoa ya nyumbani nje. Woga huo una haki yake: mwalimu amwulizaye mtoto siri za kwao mbele ya darasa zima amevuka mpaka. Lakini sitara huwekwa kulinda heshima, si kuficha madhara. Mtoto alalaye na hofu kila usiku, na kukatazwa kuitaja, hakusitiriwa. Ameachwa peke yake. Wala mtoto asemaye, "Baba, nimeudhika," hajavunja adabu. Kuudhika si kosa. Kosa huweza kuwa katika kauli au kitendo kinachofuata, na hapo ndipo mzazi ana la kufunza.

Basi skuli itakayo kueleweka isiwapelekee wazazi karatasi ya maelezo tu. Iwaite, iwaulize kwanza mtoto huyu hulilia nini na hutulizwa na nini, kwani hayo mwalimu hayajui. Na mzazi naye, siku mtoto atakapomwambia kuwa ameudhika, amwache amalize maneno yake kabla ya kumwambia nyamaza.