Fimbo Isiyoandikwa

Ndugu zangu, mtoto akichapwa hapa Lushoto, ni nani aandikaye kwamba ameonewa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza ukatili, lakini yaacha nafasi kwa adhabu ya kiasi, kwa kadiri ya umri na hali ya mtoto. Shuleni nako, kanuni za mwaka 2002 zaruhusu viboko visivyozidi vinne. Kiboko kilichoruhusiwa hakihesabiwi kuwa ukatili.

Mwaka huo huo wa 2009 vijana wa Tanzania wenye miaka 13 hadi 24 waliulizwa wenyewe. Hawakuulizwa kama sheria ilivunjwa, bali kama walipigwa ngumi, mateke au kuchapwa kabla ya kutimiza miaka 18. Huku Bara, karibu watatu katika kila wanne walisema ndiyo.

Basi tusijisifu kwamba kijijini kwetu hakuna kesi. Daftari huhesabu lile tu ambalo sheria imelipa jina. Huenda hatuna kesi kwa sababu tumezoea. Mtoto huyajua maumivu kabla hajaijua sheria. Tumwulize yeye, tumsikilize, nasi tusiogope jibu lake.